Ile Ekzosi ya Mzee Ndahani

Penina mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na ninavyowajua hamtaachana mapema. Nimekaa hapa mezani, begi lako limeegemea ukuta karibu na mlango, na kila nikiinua macho naliona. Haya ninayoandika nilitaka kukwambia kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunakunja mashuka nilianza, ukaniuliza, "Baba, unataka kusema nini?" Nikasema mashuka mawili yanakutosha. Basi naandika.

Mambo ya baridi ya Arusha, ya dawa, ya chakula cha chuoni, ya watu watakaokuita dada kabla hawajakujua jina, shangazi yako amekwisha kukueleza, na anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nataka kukueleza kuhusu Sospeter, na kuhusu Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ambayo siendi gereji. Uliwahi kuniomba nikuchukue twende wote Zuzu, kijiji ninakokwenda siku hiyo, nikakukatalia kwa ukali, ukanuna mpaka Jumatatu. Nitakueleza kwa nini.

Ulipoleta barua ya kukubaliwa chuoni kusomea ufundi wa magari, majirani walikuja wakasema mtoto kamfuata baba. Niliwashukuru, nikawanunulia soda. Walipoondoka nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu. Mtu wa kwanza kukupa spana mkononi hakuwa mimi. Alikuwa Sospeter.

Sijui unamkumbuka kiasi gani. Ulikuwa na miaka sita alipoondoka. Alikuwa mtu mwembamba, Mnyaturu wa Singida, hasemi sana, na akiwa chini ya gari unasikia anaimba puani. Wewe ulikuwa unaketi pembeni yake kwenye kipande cha boksi, anakwambia, "Penina, nipe kumi na mbili," na wewe unachagua kwenye spana zote mpaka unapata. Ukikosea hakusema umekosea. Aliijaribu kwenye nati mbele yako, ikazunguka bure, ukaona mwenyewe.

Gereji ya Miyuji tuliifungua sisi wawili. Mimi nilijua kuongea na wateja, yeye alikuwa na mkono. Mwanzo jambo hilo halikunisumbua. Lakini miaka ilivyokwenda, mteja akawa anaingia, ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, halafu macho yake yanapita juu ya bega langu: "Sospeter yupo?" Maneno mawili tu. Nilicheka, nikamwita Sospeter. Nilicheka hivyo miaka mingi, Penina, na hakuna aliyejua kwamba kila mara kitu fulani kilikuwa kinanichoma hapa kifuani. Hata yeye hakujua. Angejua, naamini angekuwa anajificha.

Mwaka alioondoka, mwezi wa nane, zabibu zinavunwa, alikuja Mzee Ndahani wa Zuzu na pikapu yake. Ilisikika kutoka mbali kama trekta. Nilifungua boneti nikaona manifoldi imepasuka, lile chuma zito linalopokea moshi kutoka kwenye matundu ya injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Ufa ulikuwa umetoka juu mpaka chini. Haifai hata kuchomelewa.

"Mwanangu," Mzee akaniambia, "zabibu zimeiva, na zabibu hazijui kusubiri."

Manifoldi ya gari lile haikuwepo mjini. Ingebidi iagizwe Dar es Salaam, na walituambia huenda ikachukua wiki. Mimi nikakumbuka kwamba hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, kuna jamaa alikuwa anachinja kibasi kilichopinduka, anauza vipande. Kibasi kile kilikuwa na injini ile ile ya pikapu. Si kufanana kwa macho, hapana. Herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma zilikuwa zile zile. Nikaenda, nikaifungua manifoldi yake, nikarudi nayo begani kama mtu aliyeua simba.

Sospeter aliipokea akaigeuza. Alichukua karatasi, akaibandika kwenye injini ya pikapu, akaisugua kwa kidole gumba chenye grisi mpaka matundu yote yakajichora. Kisha akaiweka juu ya manifoldi ya kibasi.

"Matundu ya bolti yanakubali," akasema. "Ya moshi hayakubali. Angalia hili la tatu."

Nikaangalia. Lilikuwa limehama kidogo upande mmoja, kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti.

"Hilo nitalipiga tupa," nikasema.

"Na shingo yake ya kutolea moshi? Kwenye kibasi injini iko chini ya kiti, moshi unashuka moja kwa moja. Ukiifunga hapa shingo itaangalia chumba cha dereva."

"Nitaikata, niichomelee upya."

"Baba Penina, injini ni moja lakini gari si moja. Tusubiri ya Dar."

"Mzee ana zabibu shambani."

"Zabibu tutamtafutia gari la kuzibeba. Hili tusilifunge."

Alisema mbele ya Mzee Ndahani, na Mzee akatikisa kichwa kukubaliana naye, si nami. Nadhani hapo ndipo nilipoamua. Si kwa ajili ya zabibu.

Siku mbili baadaye Sospeter akapigiwa simu kwamba baba mkwe wake amefariki Kondoa, akaenda kuzika. Kabla hajafika hata Kondoa, mimi tayari nilikuwa nimemwita Mzee alete gari. Nilifanya kazi siku nzima. Tundu la tatu nililipiga tupa mpaka likaonekana limelingana, nikaweka gasketi mbili badala ya moja, zile za kuziba moshi usivuje, na gundi inayostahimili joto katikati. Shingo nikaikata, nikaigeuza, nikaichomelea. Lile bati la kukinga joto halikuweza kurudi mahali pake, kwa hiyo nililiacha. Shingo ikapita karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, pale ambapo nyaya zinaingia ndani kupitia tundu lenye raba. Niliiona ile raba. Nakwambia ukweli, niliiona.

Nilipowasha, gari lilinguruma kwa utulivu kama jipya. Mzee Ndahani alicheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kumbe nawe ni fundi!" Maskini, alikuwa ananisifu. Kesho yake mkewe, Mama Eliya, akaniletea kikapu cha zabibu. Zile zabibu ulizila wewe na mama yako. Mimi pia nilikula.

Sospeter aliporudi kutoka msibani aliuliza, "Pikapu ya Mzee Ndahani?"

"Imeshaondoka."

"Ile ya Dar ilikuja?"

"Nimefunga ya kibasi. Imekaa vizuri sana."

Akasema, "Mpigie arudi wiki ijayo tuikague. Gasketi ile haitadumu pale kwenye tundu la tatu."

Nikasema nitampigia. Namba ya Mzee ilikuwa kwenye daftari la gereji, ukurasa wa juu kabisa. Kila siku nililifungua daftari lile, Penina, na kila siku niliiona. Sikupiga. Kumpigia kungekuwa kumwambia Mzee kwamba kazi yangu inahitaji jicho la Sospeter. Chuoni watakufundisha kupima vizuri kuliko nilivyowahi kufundishwa mimi, na siku moja utakosea hata hivyo, maana mikono yote hukosea. Kukosea kwangu kuna sehemu naweza kuieleza. Ile namba ya simu siwezi.

Na kuna jambo jingine, ambalo Sospeter hakulijua, na mama yako sikumwambia. Majuma kadhaa baada ya kazi ile, Mzee Ndahani alipita gereji akielekea sokoni. Sospeter alikuwa amekwenda kununua spea. Mzee hakuzima hata injini. Akaniambia kupitia dirishani, "Fundi, sijui ni nini, mke wangu siku hizi akipanda gari hili kichwa kinamuuma. Tumempima malaria, hana."

Unakumbuka upepo wa Dodoma wa miezi ile, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Nikamwambia, "Ni vumbi hilo, Mzee. Fungeni vioo."

Akanishukuru. Akapandisha kioo, nikamwona anakipandisha.

Ilitokea siku waliyopeleka mzigo wa mwisho kwa mnunuzi. Kulikuwa na foleni ndefu ya magari ya zabibu, inasogea kidogo kidogo, kwa hiyo Mzee hakuzima injini. Alishuka kuongea na wakulima wenzake. Mama Eliya alibaki ndani, amejifunga kitenge mpaka masikioni kwa sababu ya upepo, vioo vimefungwa. Mzee aliporudi kusogeza gari alimkuta ameegemea mlango, akadhani amelala. Akasogeza gari. Akashuka tena. Mara ya pili ndipo alipomgusa.

Hospitalini walimwekea hewa ya mtungi, na siku ya tatu akafumbua macho. Watu wa Zuzu walimshukuru Mungu, wakaimba. Alimjua mumewe, aliwajua watoto wake, alilijua shamba mche kwa mche. Ila mambo mapya hayakukaa tena. Unamwambia jambo sasa hivi, anakusikiliza, anakujibu vizuri kabisa, na baada ya muda mfupi ni kama hukusema.

Dereva mmoja wa kijijini kwao ndiye aliyefungua boneti akaona. Gasketi ilikuwa imeungua pale pale kwenye tundu la tatu, na raba ya nyaya imeyeyuka kwa joto la ile shingo. Moshi ulikuwa na njia yake, unaingia ndani taratibu, hauna harufu ya kumwamsha mtu.

Mzee Ndahani alikuja Miyuji akiwa ameshika ile gasketi mkononi. Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani alifunga hii?"

Nikasema, "Mwenzangu. Sospeter."

Nimeyafikiria maneno yale kila siku tangu hapo. Sikuyapanga. Yalitoka haraka kuliko jina langu mwenyewe. Na kilichonisaidia ni kwamba kila mtu alikuwa anajua kazi ngumu pale hufanywa na Sospeter. Sifa zake zote alizozipata kwa miaka yote zilinisaidia kumsingizia.

Naye akatokea, anaingia getini na mfuko wa spea. Mzee akamwendea.

"Sospeter, wewe ndiye uliyesema tusubiri. Halafu ukafunga mwenyewe? Mke wangu yupo nyumbani, lakini namwambia jambo asubuhi, mchana hana."

Sospeter alinitazama. Alisubiri, Penina. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Mimi niliinama nikawa natafuta nati chini, na hakukuwa na nati iliyoanguka.

"Pole sana, Mzee," akasema. "Pole sana."

Kesho yake alikuja asubuhi, akapanga vifaa vyake kwenye boksi lake la bati. Wewe ulikuwepo, ulikuwa hujaanza shule. Ulikaa juu ya lile boksi ukakataa kushuka. Akakubeba, akakuweka chini, akakwambia, "Mtunze baba." Uliniuliza amekwenda wapi, nikakujibu kwamba amekwenda kutafuta maisha. Uliendelea kuniuliza karibu mwaka mzima. Baadaye, ulipokua, ulisikia watu pale mtaani wakisema Sospeter aliondoka kwa sababu alimharibia mtu gari na karibu amuue mke wa mtu. Siku ile ulikuja nyumbani ukaniuliza kama ni kweli, nami nikasema, "Watu hukosea, mwanangu." Ulinisifu kwa kutomsema vibaya. Ulikuwa darasa la sita. Nadhani hakuna sifa iliyowahi kuniumiza kama ile.

Mama yako alijua. Nilimwambia jioni ile ile Sospeter alipobeba boksi lake. Alikuwa anasonga ugali, akaushusha mwiko.

"Baba Penina, nenda ukaseme."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Wakipoa kidogo."

Hakunigombeza. Ila baada ya miezi miwili mitatu, tukiwa tumekaa wawili, angeuliza, "Umekwenda?" Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama umenunua sukari. Nami ningejibu bado. Aliuliza hivyo miaka saba. Alipougua, na tukajua sote kwamba hatainuka, aliacha kuuliza. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikimngojea aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kusema kesho, na kesho ningekwenda kweli. Hakuuliza. Alinishika mkono akaongea habari zako, ada yako, nywele zako, kwamba usinyolewe shuleni kwa mashine ya mtu mwenye mba. Akafa bila kusikia ndiyo.

Wewe uliomboleza kwa sauti, na watu walikuja kukushika. Mimi nilikuwa na kilio kingine ndani ya kile kilio, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu aliyekuwa analijua jambo langu ndiye tuliyekuwa tunamzika. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa peke yangu kuliko nilivyowahi kuwa.

Tulipomaliza matanga, nilipanda bodaboda mpaka Zuzu.

Nilimkuta Mzee Ndahani na Mama Eliya wamekaa kivulini nyuma ya nyumba, wanachambua mbaazi. Niliwapa shikamoo. Nilikataa kiti. Nikasema nikiwa nimesimama, kwamba ile ekzosi niliifunga mimi, kwamba Sospeter alinikataza, kwamba alikuwa msibani, kwamba nilimsingizia. Nikasema na habari ya vioo. Ilikuwa mara ya kwanza kuitoa mdomoni.

Mzee aliinuka akaenda zake shambani, akasimama katikati ya mizabibu, ametupa mgongo.

Mama Eliya alinitazama kwa muda mrefu. "Umefanya vizuri kuja," akasema. "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Kaa, nikuletee maji."

Nilikaa. Machozi yalinitoka mpaka kwenye shati. Miaka saba, nikawaza, na kumbe ilikuwa kazi ya dakika tano. Akatoka na kikombe cha maji, akasimama, akaniangalia kwa uso wa upole wa mtu anayepokea mgeni.

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo. "Karibu sana. Wewe ni mtoto wa nani?"

Mzee alikuwa amerudi, amesimama karibu na ukuta.

"Mwambie," akasema.

"Nimeshamwambia, Mzee."

"Amekuuliza wewe ni nani. Mwambie."

Nikamwambia tena, yote, kuanzia mwanzo. Safari hii hakusamehe. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili akalia, akauliza, "Kwa hiyo ni wewe? Ni wewe?" Mzee akamshika mabega, akamwimbia wimbo polepole, na baada ya kitambo akatulia, akaendelea kuchambua mbaazi.

Nilipoaga, Mzee alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia, "Uje tena mwezi ujao."

"Nije kufanya nini, Mzee?"

"Atakuuliza, utamjibu. Mimi namjibu kila siku, mara kumi kwa siku. Wewe mara moja kwa mwezi haitakushinda."

Hiyo ndiyo Zuzu, Penina. Ndiko ninakokwenda. Nakarabati pampu yao, nashika jembe kidogo, na saa yoyote anayoniuliza mimi ni nani, namwambia. Sijawahi kujua nitamkuta yupi. Mara nyingine ananisamehe kabla sijamaliza. Mara moja alinirushia kikombe. Mara moja alicheka, akasema basi wanaume ni watoto. Kuna siku alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango, nikakaa pale nje mpaka jua likageuka. Msamaha wake nimepewa mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na hakuna hata mmoja ambao bado anaukumbuka.

Manyoni pia nilikwenda. Sospeter ana gereji yake huko, jirani na stendi, ukiuliza mtu yeyote atakuonyesha. Nilimkuta anafunga klachi ya lori. Hakusimama, ila alinivutia debe nikae. Nikamweleza kwamba nimekwenda Zuzu na kusema.

"Nilisikia," akasema. "Mzee Ndahani alinipigia."

"Kwa nini siku ile hukusema?"

Alikaza bolti mbili kabla hajajibu. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Halafu nikaona hutasema. Nikaona nikikusema mimi, nitakuwa nabishana na wewe mbele ya mtu ambaye mkewe ameharibikiwa. Haikuwa siku ya kubishana."

Nikamwomba arudi Miyuji. Nikamwambia jina la gereji litakuwa lake, mimi nitakuwa chini yake.

"Hapana," akasema. "Huku nikisema kitu hakifai, wananisikiliza."

Hakusema kwa chuki. Alininunulia soda, akaniuliza habari zako, kama bado unapenda spana. Nikasema unapenda. Akatabasamu, ndiyo mara pekee alitabasamu siku ile. Nilipoondoka alinipa mkono wenye grisi, akarudi chini ya lori. Nilisimama barabarani nikangoja nisikie kama ataimba. Hakuimba, au upepo ulikuwa mkali.

Tangu hapo gereji nimekuwa peke yangu. Umeniona nikifundisha vijana wakaondoka, ukaniuliza kwa nini sitafuti mwenza. Wapo mafundi wazuri mjini. Lakini nikikaa na mtu chini ya bati lile, namwona ananiamini, naondoka kwenda kunawa mikono ambayo si michafu. Mama yako hayupo, Sospeter hayupo, na kuanzia kesho na wewe hutakuwepo. Sikuandikii hivyo ili ujisikie vibaya kuondoka. Ondoka. Nakwambia tu ilivyo, kwa sababu nimechoka kukwambia mambo yasivyokuwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Zuzu, wewe ukifikiri nimekwenda kuchukua pesa ya pampu. Mzee Ndahani amezeeka sasa, anatembea na fimbo. Mama Eliya alikuwa amekaa mlangoni juani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia, hata kwamba huja kila mwezi na yeye husahau. Nilipofika kwenye vioo alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Una watoto?" akaniuliza. Hajawahi kuniuliza hilo.

"Ninaye mmoja, mama. Binti. Wiki hii anaondoka kwenda Arusha, kujifunza ufundi wa magari."

"Anajua ulichonifanyia?"

"Hajui."

"Mbona humwambii?"

Nikasema naogopa. Nikasema ni yeye tu niliyebaki naye, na akijua nitabaki bila mtu anayenitazama kama anavyonitazama sasa.

Alinyoosha mkono akaniondolea jani lililonasa begani, kama ningekuwa mwanawe kweli.

"Mimi ukitoka hapo njiani tu nitakuwa nimesahau," akasema. "Wewe unakuja hapa kwa sababu mimi nasahau. Nenda ukamwambie mtu atakayekumbuka."

Barua hii nitaiweka juu kabisa kwenye begi lako, juu ya mashuka. Isome kwenye basi, mimi nikiwa mbali. Huna haja ya kunijibu upesi. Ukipenda kumtafuta Sospeter, mtafute, usimpe salamu zangu kama hazikutoki moyoni. Ukipenda kunipigia, gereji naifunga saa kumi na mbili, nikifika nyumbani nakaa hapa hapa mezani. Na usipopiga, Penina, nitajua umesoma.

Ni mimi,
Baba yako.